Namna ya Kufunga Kihisi cha Mtiririko chenye Gurudumu la Makafi kwenye Bomba la Maji

Mwongozo huu ni wa fundi bomba, fundi umeme au msimamizi wa mitambo anayetaka kujua kwa uhakika ni lita ngapi za maji zinapita ndani ya bomba lake, iwe ni bomba linalopandisha maji kutoka ufukwe wa Luchelele jijini Mwanza hadi tanki lililo juu ya mawe, linalopeleka maji ya kuoshea sangara kiwandani, au linalomwagilia bustani ya mboga kule Magu. Kifaa chenyewe ni kihisi chenye gurudumu dogo la makafi, ambacho huchomekwa ndani ya bomba kupitia tundu moja. Hakihitaji gharama kubwa wala zana za pekee, na kikifungwa vizuri hutoa kipimo cha kuaminika kwa miaka. Kikifungwa vibaya nacho hutoa namba, na hatari iko hapo, kwa sababu namba hiyo itaandikwa daftarini na kutumika kukadiria kiasi cha klorini, gharama ya umeme na uwezo wa pampu bila mtu yeyote kuitilia shaka.

Ndani ya makafi ya gurudumu hilo kuna sumaku ndogo. Kila kafi linapopita mbele ya kinasio kilichofichwa ndani ya shina la kifaa, mpigo mmoja wa umeme hutoka, na kadiri maji yanavyokwenda kasi ndivyo mipigo inavyoongezeka kwa sekunde. Kisomeo huigawanya mipigo hiyo kwa namba maalum iitwayo K, yaani idadi ya mipigo kwa kila lita moja, kisha huonyesha mtiririko. Yafaa kuzingatia kwamba gurudumu linaguswa na sehemu ndogo sana ya maji yaliyomo ndani ya bomba, na kutokana na sehemu hiyo tunakisia mwendo wa maji yote. Makisio hayo ni ya kweli endapo tu bomba limejaa, maji yametulia katika mwendo wake, na gurudumu limekaa kwenye kina kilichokusudiwa. Karibu kila agizo litakalofuata linatokana na masharti hayo matatu.

Hesabu ya kwanza, kabla ya kununua

Vihisi vingi vya aina hii husoma vizuri maji yanapokwenda kati ya mita 0.3 na mita 6 kwa sekunde, ingawa vipo vinavyoanzia mita 0.1. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, kokotoa mwendo wa maji katika bomba lako kwa kugawanya mtiririko kwa eneo la uwazi wa bomba. Tuchukue poli paipu ya milimita 63 ya daraja la PN10 (yaani linalohimili shinikizo la baa 10), ambayo unene wa ukuta wake ni milimita 3.8 na kipenyo cha ndani ni milimita 55.4. Uwazi wake una eneo la mita za mraba 0.00241. Pampu inayotoa mita za ujazo 10 kwa saa hupitisha mita za ujazo 0.00278 kwa sekunde, hivyo mwendo ni takriban mita 1.15 kwa sekunde, na hapo kihisi kitafanya kazi bila taabu.

Sasa tuseme bomba hilohilo linapitisha mita za ujazo 1.5 tu kwa saa, kwa kuwa pampu ni ndogo ya sola. Mwendo unashuka hadi mita 0.17 kwa sekunde, na kihisi kinachoanzia mita 0.3 kitasimama au kurukaruka, ilhali maji yanaingia tankini. Dawa yake ni kuweka kipande cha bomba chembamba mahali pa kupimia. Bomba la milimita 32 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 26 litayafanya maji hayo yaende karibu mita 0.78 kwa sekunde. Kipande hicho kifupi hupoteza msukumo kidogo tu, na ni afadhali kuupoteza huo kuliko kununua kifaa kisichosoma.

Usikadirie kipenyo cha ndani kwa kutazama bomba kwa nje. Poli paipu ya milimita 63 ya daraja la PN16 inafanana kwa nje na ile ya PN10, lakini ukuta wake una milimita 5.8 na kipenyo cha ndani ni milimita 51.4 tu. Anayepima kwenye bomba la PN16 huku kisomeo kikiwa kimewekewa vipimo vya PN10 atapata namba iliyozidi kwa takriban asilimia 16. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa bomba, na kama yamefutika, pima unene wa ukuta kwa kalipa kwenye ncha iliyokatwa.

Vile vihisi vidogo vya plastiki vya nusu inchi vinavyouzwa na wauzaji wa elektroniki, kama YF-S201, ni jamii moja na hivi, ila vina mwili wake wenyewe na hufungwa kwa kukata bomba. Hupima lita 1 hadi 30 kwa dakika na hutoa takriban mipigo 450 kwa lita. Vinafaa kwa majaribio na kwa bomba la tawi la nyumbani. Havifai kwenye bomba kuu la pampu.

Kuchagua mahali

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na fundi asione haya kutumia muda mrefu zaidi akiwa na futi kamba kuliko akiwa na drili. Maji yanapotoka kwenye kiwiko, valvu au pampu huwa yanazunguka na kujikunja, na upande mmoja wa bomba huenda kasi kuliko mwingine. Yanahitaji urefu wa bomba lililonyooka ili yatulie. Watengenezaji huueleza urefu huo kwa kipenyo cha ndani cha bomba. Kanuni zinazotumika sana ni hizi: baada ya flanji, vipenyo 10; baada ya kipunguzi, vipenyo 15; baada ya kiwiko kimoja cha nyuzi 90, vipenyo 20; baada ya viwiko viwili vinavyofuatana, 25 hadi 40 kutegemea vinavyoelekea; na baada ya valvu au pampu, 50. Upande wa mbele, yaani baada ya kihisi, vipenyo 5 vinatosha katika hali zote hizo. Kama kijitabu cha kifaa chako kinataka zaidi ya haya, fuata kijitabu.

Kwa bomba letu la kipenyo cha ndani cha milimita 55.4, vipenyo 20 ni mita 1.11, vipenyo 50 ni mita 2.77, na vipenyo 5 ni sentimita 28. Nyumba nyingi za pampu katika kingo za ziwa hapa Mwanza zimebanwa katikati ya mawe, na ndani hamna hata mita mbili za bomba lililonyooka. Kishawishi cha kukibana kihisi kati ya pampu na geti valvu, kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli na umeme, ni kikubwa. Maoni yangu ni kwamba kihisi kitoke nje ya nyumba hiyo, kifuate bomba hadi mahali linaponyooka, kijengewe kisanduku chenye mfuniko, na waya urefushwe. Waya huweza kwenda mbali bila kuharibu kipimo. Maji yaliyovurugika hayana namna ya kusahihishwa na kisomeo.

Kutokana na kanuni hizo, panga vifaa vya bomba kwa utaratibu huu: pampu kwanza, kisha urefu ulionyooka, kisha kihisi, kisha valvu ya kuzuia maji kurudi na geti valvu. Valvu ikiwa mbele ya kihisi huhitaji vipenyo 5 tu, na isitoshe husaidia bomba kubaki limejaa. Valvu ya kuzuia maji kurudi ina faida nyingine kubwa katika mji wa vilima kama huu. Umeme unapokatika, maji yaliyokuwa yakipanda Isamilo au Bugando hutaka kushuka, na gurudumu la makafi kwa kawaida halitofautishi kwenda na kurudi: likizunguka kinyumenyume litahesabu vilevile, na lita zilizorudi zitaandikwa kama lita zilizopanda.

Usikifunge kamwe kihisi kwenye bomba la kunyonya. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kuliko pwani, kiasi kwamba hata pampu kamilifu isingeweza kunyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita 9 hivi. Kwa vitendo ni chini ya hapo. Bomba la kunyonya linaloelemewa huvuta hewa kwenye maungio na kutoa mapovu, na gurudumu hupiga mapovu hayo kana kwamba ni maji.

Kwenye bomba lililolala, weka kihisi juu kabisa endapo una hakika kwamba hakuna hewa. Pakiwa na mashaka ya mapovu, kiinamishe ubavuni kwa nyuzi 30 hivi, zisizidi 45, kutoka wima. Usikiweke chini ya bomba, kwa sababu mchanga wa ziwa hutambaa hukohuko chini na kulijaza gurudumu. Kwenye bomba lililosimama, maji yawe yanapanda. Bomba linaloshuka kutoka tanki la kilimani mara nyingi hutiririsha maji nusu bomba, na kihisi kitasoma uwongo mtupu. Ikiwa huna budi kupima hapo, tafuta sehemu ya chini ambako bomba limelala na kuna valvu ya kulibana mbele yake.

Angalia pia kiwango cha ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda sana na kufurika sehemu nyingi za fukwe, kwa hiyo kisanduku cha maungio ya waya kiwekwe juu ya alama ya maji ya wakati ule, hata kama leo panaonekana pakavu.

Kutoboa na kufunga

Zima pampu, funga valvu na ufungue koki ya kutolea maji hadi shinikizo liishe kabisa. Kama bomba lina tii maalum iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi, kazi ni kuikata na kuiunga tu. Kama sivyo, tumia klampu ya tandiko inayolingana na kipenyo cha nje cha bomba. Weka alama kwa penseli, toboa kwa msumeno wa duara wa kipimo kilichotajwa kwenye maelezo ya klampu, na ushike drili wima, taratibu, ili msumeno usipitilize na kukwaruza ukuta wa upande wa pili. Kile kipande cha duara kilichokatwa kitoe nje na ukione kwa macho, kwa kuwa kikiangukia ndani kitasafiri hadi kwenye valvu. Lainisha kingo za tundu kwa kisu, ukaondoe mabaki yote, kwani ncha ndogo iliyosimama mbele ya gurudumu huvuruga maji kama jiwe mtoni. Funga klampu kwa kukaza boliti kwa zamu, ukivuka kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, kidogo kidogo.

Usichomeke kihisi bado. Weka kizibo, fungua maji na usafishe bomba kwa dakika kadhaa, kisha jaribu shinikizo huku kizibo kikiwa mahali pake. Takataka za ujenzi, gundi iliyoganda na nyuzi za tepu huliharibu gurudumu siku ya kwanza. Kumbuka kwamba kila mita 10 za kupanda huongeza takriban baa moja ya shinikizo, hivyo tanki lililo mita 60 juu ya pampu lina baa 6 hata pampu ikiwa imezimwa, na kishindo cha maji wakati wa kuzima huongeza juu yake. Linganisha jumla hiyo na kiwango kilichoandikwa kwenye kihisi, ukijua kuwa plastiki hupungua nguvu inapopata joto la jua.

Bomba likiwa safi, toa tena shinikizo, ondoa kizibo na upake pete za mpira za kihisi grisi ya silikoni. Grisi ya magari isitumike, maana huvimbisha mpira. Shusha kihisi huku ukikizungusha polepole, hadi mshale au kijipengo kilicho juu yake kielekee sawasawa na maji yanakokwenda, sambamba na mhimili wa bomba. Kukosea hata kidogo kwa pembe kunapunguza kasi ya gurudumu. Kaza mfuniko kwa mkono tu. Spana hupasua nyuzi za plastiki, na ufa wake haujitokezi hadi shinikizo lipande usiku.

Kina cha gurudumu kwa vihisi vingi ni takriban asilimia 10 ya kipenyo cha ndani, kwa sababu katika kina hicho mwendo wa maji hukaribiana na wastani wa bomba zima. Kwa bomba letu ni milimita 5.5. Tii au klampu iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi hicho na bomba la kipimo hicho hukiweka kina chenyewe, na ndiyo maana haifai kuazima klampu ya bomba la inchi tatu kwa bomba la inchi mbili. Kwa kihisi kinachorekebishwa, pima kuanzia nje ya bomba na ujumlishe unene wa ukuta.

Nyaya

Vihisi vingi vina nyaya tatu: ya umeme, ya mipigo na ya ardhi. Rangi zake hazifanani kwa watengenezaji wote, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kuunganisha. Volti zinazokubalika kwa kawaida ni kati ya 5 na 24 za mkondo mnyoofu. Kama kinachotoa mipigo ni transista yenye mtoo ulio wazi (open collector), na vingi ndivyo vilivyo, mpigo hautaonekana mpaka uweke rezista ya kilo-omu 10 kati ya waya wa mipigo na waya wa umeme, isipokuwa kisomeo kinayo tayari ndani.

Tumia waya wenye ganda la chuma la kuzuia muingiliano, na ganda hilo liunganishwe na ardhi upande mmoja tu, upande wa kisomeo. Usiupitishe pamoja na waya wa mota ya pampu, hasa pampu inayoendeshwa na inveta. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi, na juu ya ziwa lenyewe nyingi kati yake hupiga usiku. Waya mrefu ulio nje uwekewe kinga ya radi kwenye kisomeo, na nyaya zichimbiwe ndani ya bomba badala ya kuning'inizwa kwenye miti.

Kujaza bomba na kusahihisha K

Jaza bomba polepole. Hewa inayosukumwa na maji huzungusha gurudumu kwa kasi isiyokusudiwa na kulegeza pini yake, na kwa sababu hiyohiyo usijaribu kihisi kwa kukipuliza kwa kompresa, kidole kinatosha. Hewa ikiisha kutoka, zima pampu na uangalie kisomeo. Kinapaswa kuonyesha sifuri. Kikiendelea kuhesabu, ama maji yanarudi, ama waya unaokota kelele za umeme, na sababu ijulikane kabla ya kuendelea.

K iliyoandikwa na mtengenezaji ni ya kuanzia. Ili kupata ya kwako, pima kwa tanki. Usiamini lita zilizoandikwa ubavuni mwa Simtanki. Pima kipenyo cha ndani cha sehemu iliyonyooka na urefu ambao maji yamepanda. Tanki lenye kipenyo cha ndani cha mita 1.10, maji yakipanda mita 1 kamili, limepokea lita 950. Kwa pampu yetu ya mita za ujazo 10 kwa saa, hilo huchukua takriban dakika sita, muda unaotosha kuondoa athari za kuwasha na kuzima. Tuseme kisomeo kilionyesha lita 990 na K ilikuwa 30. K mpya ni 30 mara 990, gawanya kwa 950, yaani 31.26. Wengi hugeuza hesabu hii na kuzidisha kosa: kisomeo kikionyesha zaidi ya ukweli, K hupanda. Rudia kipimo kwa mtiririko mdogo na mkubwa, na majibu yakitofautiana sana, rudi kuchunguza urefu ulionyooka na hewa, usiendelee kuchezea K.

Ikiwa bomba linatokana na maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kihisi kifungwe baada ya mita yao, upande wa mteja, na mita yenyewe isiguswe. Kipimo cha kihisi ni cha matumizi ya ndani. Mita ya kumtozea mtu fedha ni ile iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Anayevuta moja kwa moja ziwani kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwake kihisi ni njia nzuri ya kujua kama amebaki ndani ya kiasi alichoruhusiwa.

Matunzo

Maji ghafi ya ziwa yana nyuzi za mwani, vipande vya magugu maji, makombe madogo ya konokono na mchanga. Uzi mmoja wa mwani ukijisokota kwenye pini hupunguza kasi ya gurudumu bila kulisimamisha, na kipimo hushuka polepole bila dalili nyingine. Kwa sababu hiyo chujio ni la lazima, na liwekwe kabla ya urefu ulionyooka. Bomba la chuma lililozeeka lina tatizo la namna yake: chembe za kutu huvutwa na sumaku za makafi na kushikamana hapo kama ndevu. Kwenye bomba la namna hiyo gurudumu lifutwe mara nyingi zaidi, na kipande cha kupimia kibadilishwe kuwa cha plastiki inapowezekana.

Kwa maji ghafi, mwanzoni kifungue kihisi kila mwezi, baada ya kutoa shinikizo lote, kisha urefushe au ufupishe muda huo kulingana na unachokikuta. Gurudumu lizunguke kwa pumzi nyepesi ya mdomo na kusimama taratibu. Likisimama ghafla, pini imechafuka au imechakaa. Pini na gurudumu huuzwa kama vipuri kwa vihisi vingi, na inafaa kuagiza jozi moja ya akiba tangu siku ya kununua, kwa kuwa mchanga hula pini kabla ya sehemu nyingine zote. Kila unapobadilisha gurudumu, rudia kipimo cha tanki, uandike tarehe na K mpya kwa rangi isiyofutika ndani ya mfuniko wa kisanduku, mahali ambapo fundi atakayekuja baada yako ataiona.